Mstari wa Pili wa Kibao

Kwa mzee Vellaichamy mtu hachongewi uongo. Mtaa mzima ulilijua hilo, na wengine walilijua kwa uchungu. Kazi yake ilikuwa vibao vya mageti: jiwe jeusi lililosuguliwa mpaka likang'aa, jina juu, cheo chini, herufi zimetiwa rangi ya dhahabu. Na watu wa Madurai, Mungu awape maisha marefu, wanapenda vibao. Mwenye shahada moja anaiandika, mwenye mbili anaziandika zote. Wapo hata waliofika chuo kikuu wakaanguka mtihani wa mwisho, nao wakaiandika shahada yao getini, kisha kwenye mabano wakaongeza "alifeli", ili kila mpita njia ajue kwamba angalau darasani walifika. Hao mzee aliwachongea bila kinyongo. Alisema wamesema kweli.

Wasiosema kweli ndio aliowatoa mbio. Alikuja muunga mifupa mmoja, mnene, pete kila kidole, akataka aandikiwe "Daktari". Mzee akamkaribisha kahawa, akamwambia, "Nionyeshe namba yako ya baraza." Daktari ana namba yake kwenye daftari la baraza, mwanasheria ana yake, mfamasia ana yake. Muunga mifupa hakuwa nayo. Akanywa kahawa yake akaondoka na jina tupu.

Sasa mtu wa namna hiyo, Mungu akamjalia mtoto mmoja tu, na mtoto mwenyewe akawa Thilaga.

Thilaga alikuwa msaidizi wa daktari. Hakuwa nesi, hakuwa karani wa mapokezi, na daktari hakuwa. Alikuwa amesomea kazi hiyo chuo kikuu mpaka akahitimu, akajua kupima mgonjwa, kusikiliza kifua na kumwandaa mtu kwa kisu. Kila siku alisimama ng'ambo ya meza ya upasuaji, mkabala na Daktari Muthukaruppan, mpasuaji wa moyo, akitoa mshipa mguuni mwa mgonjwa ili daktari aushone moyoni. Kazi ikiisha, daktari alivua glavu akatoka kwenda kuwatuliza ndugu wa mgonjwa, na akiwa mlangoni alisema neno lile lile: "Funga wewe, Thilaga." Naye alishona, akafunga, akahesabu vifaa, akamsindikiza mgonjwa wodini. Kazi hiyo aliipenda kupita kiasi. Tatizo ni kwamba serikali haikuwa na daftari la watu kama yeye. Walikuwepo hospitalini kila mahali, na kwenye vitabu vya serikali hawakuwepo popote.

Siku aliyohitimu, mzee alichagua jiwe zuri kuliko mawe yote yaliyowahi kupita uani kwake. Akachonga mstari wa kwanza, THILAGAVATHI, akiizungusha kila herufi kwa madaha. Kisha akaweka tindo chini.

"Leta namba, nimalizie."

"Baba, shahada si umeiona? Umeishika kwa mikono yako."

"Nimeiona. Nikaimwagia na machozi. Namba iko wapi?"

"Sisi hatuna namba. Bado."

"Basi na jiwe bado."

Wote walidhani ni jambo la mwaka mmoja. Mzee akaliegemeza jiwe kisimani, na huko likakaa. Baada ya misimu kadhaa mama yake Thilaga, Pechiammal, aligundua kuwa jiwe jeusi linashika joto la jua vizuri kuliko ungo, akalilaza chali akaanza kuanikia pilipili. Ukiingia uani kwao ulikuta pilipili nyekundu zimetandazwa, na katikati yake herufi za jina la msomi wa familia zinachungulia.

Pechiammal naye alikuwa na shida zake. Washenga walipokuja kumuulizia binti, swali la kwanza lilikuwa lile lile. "Binti yenu ni daktari?"

"Karibu," alijibu Pechiammal.

"Karibu kivipi?"

"Karibu sana. Wanasimama meza moja."

Washenga walikunywa kahawa wakaenda zao. Thilaga hakuwasikitikia. Kilichomuuma ni mambo mengine, kama ile siku ndugu wa mgonjwa alipomwita "we dresa", yaani mfunga vidonda, mbele ya wodi nzima. Alirudi nyumbani amefura, akaenda moja kwa moja uani.

"Baba, nichongee tu. Andika 'Msaidizi wa Daktari'. Si ndiyo kazi yangu? Mimi si mwanao?"

Mzee alikuwa anapaka rangi kibao cha mfamasia. Hakuinua macho. "Kibao ni cha nani?"

"Changu."

"Si chako. Wewe jina lako unalijua, usingizini unalijua. Kibao ni cha yule asiyekujua, anayesimama getini na mtoto mgongoni ana homa. Akisoma, anaamini. Haya, ukimharibia mtoto wake, ataenda kukushtaki wapi?"

Thilaga akaitazama namba ya mfamasia, rangi yake bado mbichi.

"Namba ndiyo inayomwambia pa kwenda," mzee akasema. "Namba si yako, mama. Ni yake."

Thilaga alinuna wiki nzima. Kilichomkera zaidi ni kwamba baba yake alisema kweli.

Mkono wa kulia wa mzee ulianza kutetemeka mwaka ule wa mvua nyingi. Mwanzoni alilaumu bilauri, kwamba siku hizi wanatengeneza bilauri za shaba zenye mdomo mwembamba, ndiyo maana kahawa inamwagika. Pechiammal akamnunulia nyingine, na kahawa ikamwagika vilevile. Kisha ikaja kazi ya hekalu, jiwe la majina ya waliochangia paa jipya, na herufi moja ikaenda upande. Mzee alilivunja jiwe lile kwa nyundo yake mwenyewe, akanunua jingine, akalipeleka kwa Ganesan wa duka la mkabala, mwenye mashine ya kuchonga kwa kompyuta. Tangu siku hiyo kila mteja alimwelekeza kwa Ganesan. Daktari wa mishipa ya fahamu akampa dawa, akasema zitasaidia, ila mkono hautarudi ulivyokuwa. Thilaga hakuhitaji kufafanuliwa. Aliijua njia ya ugonjwa ule na aliona baba yake amefika wapi.

"Baba," alisema siku moja kwa sauti ya kubembeleza, "siku tukipata namba, mashine ya Ganesan inaweza kumalizia ule mstari."

Mzee alimkata jicho. "Mashine ndiyo iliyokuzaa?"

Ndipo Thilaga alipoelewa kwamba wanakimbizana na wakati. Daftari la serikali lingefunguka siku yoyote, labda akiwa na mvi. Mkono wa baba yake haungesubiri. Alitaka mstari wa pili uchongwe na mkono ule ule uliochonga wa kwanza, na alilitaka jambo hilo kuliko alivyokuwa tayari kumwambia mtu yeyote.

Basi akajitosa kwenye Chama cha Wasaidizi wa Madaktari kwa miguu miwili, akachaguliwa katibu. Chama kilikuwa hai, kilikuwa na watu wema, na kilikuwa na ugonjwa mmoja. Ukienda mkutanoni kwao utakuta viti vimepangwa, maji yamemiminwa, kumbukumbu za kikao kilichopita zimechapwa bila kosa, kahawa imefika kabla ya saa, na watu wote wameketi kwa adabu wakitazama mlango. Hakuna anayeanza. Maisha yao yote wamezoea kuandaa kila kitu kisha kumsubiri daktari aingie. Mwenyekiti wao, Kathiravan wa Coimbatore, alikuwa mpole kiasi kwamba alifungua vikao kwa kuuliza kama kuna mtu mwingine ambaye angependa kufungua kikao.

Kwa hiyo baraza la jimbo linalosimamia kazi za afya lilipowaita hatimaye waje Chennai, makao makuu ya jimbo, wajieleze mbele ya kamati, hakuna aliyefikiria kwamba wao ndio watakaojieleza. Walimwomba Daktari Muthukaruppan. Naye, sauti yake ngurumo na moyo wake mkubwa, akasema, "Niachieni mimi." Wakamwachia kwa furaha, wakaenda kumwandalia hotuba.

Walipanda treni ya alfajiri watu sita. Pechiammal alikuwa amewafungia wali wa ukwaju kwenye majani ya mgomba, mafungu ya kulisha behewa zima, na kumpamba Thilaga shada la asmini nywelini kana kwamba anapelekwa kuposwa.

"Dada Thilaga, leo tukikosa daftari usirudi bila mume," alisema Jesintha. Huyu alitoka Tirunelveli, alifanya kazi chumba cha dharura, na ulimi wake haukuwa na breki.

"Nitakuozesha wewe kwanza, upunguze kelele."

"Nani atanioa mimi? Mama mkwe akiuliza kazi yangu, nitamwambia 'karibu daktari' kama mama yako?"

Behewa likaangua kicheko. Hata Kathiravan alicheka, baada ya kutazama kama wengine wameshaanza.

Mambo yaliharibika walipofika kwenye lango la ofisi za baraza. Daktari Muthukaruppan alikuwa aje kwa ndege ya asubuhi. Simu ya Thilaga ikalia, na sauti haikutoka uwanja wa ndege. Ilitoka chumba cha upasuaji, aliusikia mlio wa mashine anazozijua. Nesi alikuwa amemshikia daktari simu sikioni.

"Thilaga, kuna kifua nimekifungua na siwezi kukiacha. Mshipa mkubwa umechanika. Huko funga wewe."

"Lakini daktari, huku hata hatujafungua!"

Simu ilikuwa imeshakatika. Wakatazamana wote sita. Kathiravan alitoa kitambaa akafuta jasho, kisha akamfutia na mwenzake.

Waliingia ukumbini hivyo hivyo, na hapo walifanya kosa ambalo katika dunia hii wangeweza kulifanya wao tu. Hakuna aliyepanga. Mazoea ndiyo yaliyowapanga. Kiti cha katikati walikiacha wazi. Mbele yake Jesintha alimimina maji, Kathiravan akapanga karatasi za hotuba upande wa mkono wa kulia kwa mpangilio wa kuchukuliwa, mwingine akaweka kalamu mbili, moja ya akiba. Kisha wakasimama, watatu huku na watatu kule, mikono wameikutanisha mbele ya kifua wala hawagusi meza wala nguo zao, kama wasimamavyo watu waliokwisha kunawa kwa ajili ya upasuaji. Wakakitazama kiti kitupu.

Kamati nayo ikakitazama kiti kitupu. Mwenyekiti wake alikuwa Daktari Vasundhara, mama mfupi mwenye sari ya pamba na miwani inayoning'inia kwa mnyororo. Aliwakagua mmoja mmoja. Kumbe katika ujana wake alikuwa daktari wa kulaza wagonjwa usingizi chumba cha upasuaji, na mikono ile aliitambua.

"Shusheni mikono, wanangu," alisema. "Hapa hakuna damu."

Mikono ikashuka kwa aibu.

"Haya. Nani anazungumza?"

Wote sita wakarudi nyuma nusu hatua. Wote, kwa pamoja, kama waliofanya mazoezi. Kamati nzima ikacheka, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Daktari Thangaraj, aliyekuja kuwasemea madaktari na ambaye kila mtu alijua hawapendi wasaidizi hawa hata chembe.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema akifuta machozi, "unaona mwenyewe. Hawa hata kuzungumza wanamsubiri daktari. Tukiwapa daftari, leo ni wasaidizi, kesho kila mmoja atatundika kibao getini ajiite daktari."

Thilaga alikuwa ameinamisha kichwa akitamani sakafu ipasuke imeze asmini na mwenye asmini. Aliposikia neno kibao, kichwa kikainuka chenyewe. Alipita mbele ya Kathiravan, akavuta kile kiti cha katikati, akakaa. Kwa nyuma alimsikia Jesintha akinong'ona, "Mama yangu, amekaa."

"Daktari," Thilaga alisema, "kuhusu vibao naomba nikujibu, kwa sababu baba yangu ndiye mchonga vibao."

Alikunywa maji ya Daktari Muthukaruppan akaendelea.

"Amewachongea nusu ya madaktari wa Madurai. Mimi amenikatalia. Mtoto wake wa pekee! Jiwe langu lina jina juu na chini ni tupu, mama yangu anaanikia pilipili. Nilimlilia baba anichongee hata 'Msaidizi wa Daktari' tu, akakataa. Akaniambia kibao si changu, ni cha mtu asiyenijua anayesimama getini na shida. Akaniuliza, ukimharibia, atakushtaki wapi? Sikuwa na jibu. Leo ndiyo nimelileta swali hilo kwenu. Mimi natia kisu kwenye mguu wa mtu akiwa hajitambui. Nikikosea, mgonjwa yule hana mlango wa kugonga. Hakuna daftari la kunifuta, kwa sababu hakuna daftari nililoandikwa."

"Ukikosea," alisema Daktari Thangaraj, ambaye sasa hakucheka, "anashtakiwa daktari wako."

"Ndiyo, na hilo ndilo linaloniumiza. Mkono uliokosea ni wangu, jina linalochafuka ni lake. Na wapo wengine huko mitaani wanaojiita kama sisi na hawajakanyaga chuo. Nani atawajua? Daktari, hatukuja kuomba kibao chako. Tumekuja kuomba mahali pa kushtakiwa."

Daktari Vasundhara alivaa miwani yake.

"Miaka yote niliyokaa kiti hiki," alisema taratibu, "watu wanakuja kuomba heshima, kuomba vyeo, kuomba makoti marefu zaidi. Wa kuomba washtakiwe sijawahi kuwaona." Akawatazama wale watano waliobaki wima. "Na ninyi? Mnataka kushtakiwa?"

"Tunataka!" alijibu Jesintha kwa sauti iliyofika barabarani, na hapo kizibo kikatoka. Wote walizungumza, na wote kwa wakati mmoja, mambo waliyoyabana vifuani tangu siku ya kwanza ya kazi. Kathiravan, Kathiravan yule yule, aligonga meza akasema kazini kwake wanamwandika kwenye orodha ya mafundi wa mitambo, na yeye hajui hata kubadilisha taa. Mwenyekiti alilazimika kugonga kengele ili watulie.

Daktari Thangaraj aliomba neno la mwisho. "Kuhusu yale maombi yenu mengine, kuruhusiwa kuwaandikia wagonjwa dawa, sikubali, na tutapigana," alisema. "Ila hilo daftari sasa nalitaka mimi kuliko ninyi. Nijue pa kuwashtaki."

"Karibu sana, daktari," alisema Thilaga, na safari hii walicheka wote pamoja.

Serikali ni serikali. Siku ile hawakupewa kitu zaidi ya kahawa na "tutawajulisha". Mvua za mwisho wa mwaka zikaja, zikajaza kisima, zikaosha jiwe. Mzee Vellaichamy sasa alishindwa kufunga vifungo vya shati, akahamia kwenye fulana akidai joto limezidi, ilhali watu wote wamejitanda shuka. Thilaga kila akitoka zamu alifungua simu kabla hajavua viatu. Hakuna kitu. Alianza kuogopa kuutazama mkono wa baba yake mezani, akawa anatazama sahani.

Tangazo likatoka wiki ya Pongal, sikukuu ya mavuno, nyumba zote zinapakwa chokaa na kina mama wamejaa milangoni wakichora maua ya unga wa mchele. Daftari la wasaidizi wa madaktari linafunguliwa. Thilaga alilisoma akiwa kwenye korido ya wodi, akalia waziwazi, mgonjwa mmoja akamshika mkono akamwambia atulie, Mungu atamponya na yeye.

Siku ya kujiandikisha walikwenda Chennai wote sita, na huko dirishani ugonjwa wao ukawarudia. "Tangulia wewe." "Hapana kaka, wewe ndiye mwenyekiti." "Nitakuwaje wa kwanza mbele ya akina dada?" Karani alisubiri, akasubiri, mwishowe akatoka nje ya dirisha lake, akamshika Jesintha begani na kumsukuma kitini. "Namba moja ni huyu mwenye mdomo," akasema. "Anayefuata!" Thilaga akapata namba nne.

Alifika nyumbani jua likiwa juu. Mzee alikuwa ameketi uani mikono mapajani, ule wa kulia ukicheza peke yake. Thilaga akamwonyesha cheti. Mzee alikisoma mara ya kwanza, akakisoma tena, akakipeleka kwenye mwanga akakagua mhuri, kama alivyomfanyia kila mteja maisha yake yote.

"Namba nne," alisema.

"Namba nne, baba."

"Pechi! Njoo utoe pilipili zako!"

Pechiammal alikuja mbio, akakusanya pilipili huku akilalamika hazijakauka, na machozi yakimtoka, akisingizia pilipili. Mzee akaomba maboksi yake ya vifaa. Akapiga chaki mistari, akashika tindo kwa kushoto na nyundo kwa kulia. Nyundo ikacheza hewani. Aliishusha. Akaipandisha tena, ikacheza zaidi. Akalitazama jiwe, na uso wake ukaanza kuzeeka mbele ya macho yao.

Thilaga alikunja taulo likawa mto mnene, akaliweka chini ya mkono wa baba yake, kiwiko kikapata pa kuegemea. Akapiga magoti ng'ambo ya jiwe, mkabala naye, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, si kwa nguvu.

"Usinisukume," alisema mzee.

"Sikusukumi. Nashika tu."

Tindo likauma jiwe. Tak. Herufi ya kwanza ikaanza kutoka, polepole, nene kidogo kuliko za juu. Mkono ulipotaka kukimbia, vidole vya Thilaga viliurudisha kabla haujafika mbali. Vumbi likijaa kwenye mfereji wa herufi, alilipuliza kabla mzee hajaliona. Walipofika kwenye pembe, mzee alinyoosha mkono wa kushoto bila kutazama, na tindo dogo lilikuwa tayari kiganjani mwake.

Mzee akasimamisha kazi. Akalitazama tindo, akamtazama binti yake.

"Nani kakwambia nataka dogo?"

"Hakuna. Nimeona pembe inakuja."

"Na vumbi?"

"Nimeliona pia."

Miaka yote mzee aliuliza namba, kazi yenyewe hakuwahi kuiona. "Kumbe ndiyo hii kazi yako," alisema.

"Ndiyo hii, baba."

"Ni kazi kubwa, mama," alisema mzee. Kisha akamkaripia ashike vizuri, waendelee.

Walimaliza Pechiammal akiwa ameshachemsha kahawa. Mstari wa pili ulisomeka MSAIDIZI WA DAKTARI, na chini yake namba ya daftari, na hiyo nne ilikuwa imelala kidogo upande wa kushoto. Mzee aliinamisha kichwa akaikagua.

"Imepinda. Nitatafuta jiwe jingine."

"Ukiligusa hili jiwe," alisema Thilaga, "nakushtaki."

Pechiammal alijifuta mikono kwenye sari, akasogea, akausoma mstari kwa kidole, neno kwa neno, mpaka kwenye namba.

"Hii ndiyo namba ya kukushtakia wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mtu yeyote anaweza?"

"Yeyote."

"Vizuri. Huyo mama wa miwani wa Chennai mwambieni akae tayari, wa kwanza ni mimi. Binti hali chakula kwa wakati, washenga anawakimbia, na leo ameninyang'anya jiwe langu la pilipili."

Mzee Vellaichamy alicheka mpaka akashika mbavu. Kahawa ikamwagika kwenye fulana yake, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule wa mvua nyingi, hakuna aliyeutazama mkono.